Mwanangu ana siku tisa, anachomwa kisigino kila siku na naambiwa "hasikii sana". Ni kweli jamani?

mama_wa_siku9
Habari zenu wakuu. Naandika kwa mkono mmoja mtoto yuko mwingine, kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Mwanangu alizaliwa miezi imetimia kabisa, siku ya tatu akaanza kuwa manjano tukarudishwa wodini akawekwa kwenye taa. Sasa hiyo manjano inapimwa kwa damu na damu wanatoa kisiginoni, asubuhi kisigino, jioni kisigino, kuna siku na usiku pia maana sukari nayo ilishuka. Leo nimehesabu alama kumi na moja miguu yote miwili. Kila wakija wanambeba wanaenda naye chumba kile cha pembeni mlango unafungwa, mi nabaki nje nasikia kile kilio cha kukatika pumzi, alafu narudishiwa mtoto amelowa jasho kichwani.

Jana nikamuuliza aliyekuwa zamu, hivi hamna kitu cha kumpunguzia maumivu? Akanambia mama huyu bado mdogo mno hasikii kama sisi, na hata akisikia hatakumbuka. Sikumjibu kitu, ila sijalala.

Naomba kujuzwa, ni kweli hawasikii? Na kama wanasikia kuna kinachofanyika kwa kichanga wa umri huu au ndo tuvumilie tu?

NesiWaUsiku
Pole sana dada yangu. Mimi ni nesi wa wodi ya vichanga mwaka wa kumi na nne huu, na jibu langu ni fupi: anasikia. Anasikia sana. Tena mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu kwenye ubongo inakuwa imeshaanza kazi kabla mtoto hajazaliwa, kinachochelewa kukomaa ni ile njia ya kurudi chini, ile ambayo kwa mtu mzima ubongo unaitumia kuyatuliza maumivu. Yaani kichanga ana king'ora lakini hana wa kukizima, na njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) ndo kabisa.

Ukitaka kujua angalia uso siku wakimchoma mbele yako. Nyusi zinashuka katikati panavimba, macho yanabanwa, inatokea mikunjo kutoka puani kuja pembeni ya mdomo, mdomo unapanuka, vidole vya mikono vinatawanyika kama feni. Sisi hizo alama tunazihesabu, kuna vipimo vya maumivu vya vichanga kama NIPS na PIPP. Kwenye NIPS unajaza alama kwa kuangalia uso, kilio, pumzi, mikono na miguu. Kwenye PIPP unaangalia uso pamoja na mapigo ya moyo na oksijeni. Mtu hawezi kutengenezewa kipimo cha kitu asichokuwa nacho.

Sasa kuhusu kinachofanyika, vipo vingi na vingine havihitaji hata dawa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi kama wako, kitu cha kwanza kabisa ni ziwa lako. Sio baada ya kuchomwa!! KABLA. Muweke anyonye, subiri mpaka awe amekamata vizuri ananyonya kwa kuvuta na kumeza, dakika chache hivi, ndo achomwe huku anaendelea kunyonya, na asitolewe mpaka wamalize kukamua damu. Sisi wengi tunakosea hapo, tunamchoma kwanza alafu tunamwambia mama haya mnyonyeshe anyamaze. Pale tayari ameshaumia.

mama_wa_siku9
Asante sana nesi, nimelia kusoma hii. Ila yuko kwenye taa, wanasema asitolewe tolewe. Na nitawaambiaje bila kuonekana nawafundisha kazi?

NesiWaUsiku
Muulize daktari kama anaruhusiwa kutoka kwenye taa wakati wa kunyonya. Wengi wanaruhusiwa kwa muda mfupi labda manjano iwe imepanda sana. Kama anaruhusiwa, basi omba kipimo kiwekwe saa ileile ya kunyonya, hutamtoa mara mbili, unamtoa mara moja kwa yote mawili. Ukiliweka hivyo hakuna nesi atakayeona unamfundisha, unampunguzia kazi. Na uliza pia swali hili kwa upole: hivi vipimo viwili vya jioni haviwezi kutoka kwenye tundu moja? Mara nyingi sana vinaweza, ni vile vimeandikwa na watu wawili tofauti.

Msomaji_wa_Zamani
Naomba niongezee historia kidogo maana hilo neno "hasikii" lina mizizi mirefu, huyo mhudumu hakulitunga yeye. Mpaka miaka ya 1980 madaktari wengi duniani waliamini hivyo kwa dhati. Vichanga walikuwa wanafanyiwa upasuaji mkubwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli tu, dawa ya maumivu kidogo sana au hamna kabisa. Mtoto hawezi kujitikisa hawezi kulia lakini yuko macho. Walikuwa wanaogopa nusu kaputi itamuua, na uoga huo ulikuwa na msingi kwa sababu dawa na mashine za wakati ule hazikuwa kama za leo, ila kuogopa dawa kukageuka kuwa kuamini kwamba maumivu hayapo.

Kule Marekani mwaka 1985 kuna njiti aliitwa Jeffrey Lawson, alifanyiwa upasuaji wa mshipa karibu na moyo kwa namna hiyo, akafariki wiki kadhaa baadaye. Mama yake Jill alikuja kujua baadaye sana kwamba mwanawe hakupewa dawa ya maumivu. Hakunyamaza. Aliandika barua, akaongea na magazeti, habari ikafika kwa umma. Na miaka hiyohiyo Uingereza daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walikuwa wanalinganisha njiti waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo, kundi moja linaongezewa fentanili (dawa kali ya maumivu) kundi lingine halipewi. Walipochapisha matokeo 1987 ikaonekana waliopewa dawa homoni za msongo hazikupanda kama za wenzao na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache. Mwaka huohuo 1987 chama cha madaktari wa watoto Marekani kikatamka kwamba umri mdogo peke yake sio sababu ya kumnyima mtoto dawa ya maumivu.

Kwa hiyo dada, ukiuliza wodini huulizi kitu cha ajabu. Mama mmoja aliuliza kabla yako na mambo mengi yakabadilika.

baba_watatu
Mi naomba nitofautiane kidogo wakuu bila ugomvi. Nina watoto watatu, wote walichomwa, wakalia, wakanyamaza, leo wako shule na hakuna anayekumbuka. Naogopa tukianza kuwatia wazazi hofu watu wataanza kukimbia chanjo na vipimo na hapo ndo watoto watakufa kweli. Manjano isipopimwa inaenda kwenye ubongo.

NesiWaUsiku
@baba_watatu hoja yako ya mwisho nakuunga mkono mia kwa mia. Hakuna hapa anayesema mtoto asipimwe. Kipimo kifanyike na kwa wakati, tunachoongelea ni kinafanyikaje.

Hilo la kutokumbuka ndo sikubaliani nalo. Hatakumbuka kama hadithi, sawa, lakini mwili unaweka. Kuna utafiti wa Taddio na wenzake wa 1997, waliangalia watoto wa kiume wakati wa chanjo wakiwa na miezi 4 mpaka 6, wale waliotahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi walionyesha maumivu makali zaidi kwenye sindano kuliko ambao hawakutahiriwa, na waliopakwa krimu ya ganzi kabla ya tohara walikuwa katikati. Miezi imepita!

baba_njiti
Uzi huu umenikuta pabaya. Wangu alizaliwa wiki ya 29, tukakaa hospitali wiki saba. Niwaambie ukweli sikuwahi kuhesabu mara ngapi alichomwa kwa sababu kuna siku niliamua kutohesabu. Baadae nikaja kusoma utafiti wa Paris uliochapishwa 2008, walifuatilia vichanga 430 wa wodi za mahututi siku 14 za mwanzo, na karibu asilimia 79 ya vitendo vyote vya kuumiza vilifanyika bila kupewa chochote maalum cha kupunguza maumivu kabla. Hiyo ni Paris, wodi zenye kila kitu. Nikaelewa kumbe shida sio vifaa peke yake, shida ni kwamba mkono wa kuchoma unafika kabla ya mkono wa kutuliza.

Kwetu alikuwepo nesi mmoja aliyenifundisha kitu ambacho nitakishukuru mpaka naingia kaburini. Akanambia nawa mikono mpaka kwenye viwiko, pasha viganja, kimoja kishike kichwa kingine kishike nyayo na makalio, umkunje taratibu miguu iende tumboni mikono ije kifuani karibu na mdomo, kama alivyokuwa tumboni kwa mama yake. Usimpapase, usimsugue, shika tu utulie kama ukuta. Mtoto wa kilo moja na kidogo anaenea viganja viwili. Yeye akachoma, mimi nimemshika, mashine ya moyo ikapanda kidogo ikashuka. Siku zilizotangulia ilikuwa inapanda na kengele inalia na oksijeni inashuka mpaka wanakimbilia. Kuanzia siku hiyo nikawa nauliza ratiba ya vipimo ni saa ngapi, nafika kabla.

Na kina baba msidhani kifua ni cha mama tu. Ngozi kwa ngozi nimefanya sana, mtoto kavaa nepi tu yuko kifuani kwangu blanketi juu.

NesiWaUsiku
@baba_njiti umenigusa. Hiyo ngozi kwa ngozi ilianza Bogotá Colombia 1978 kwa sababu ya uhaba wa mashine za kupasha njiti joto, watu wakaiita ya kangaruu, hawakuianzisha kwa ajili ya maumivu kabisa. Baadae ndo watafiti wakaona mbona hawa wakichomwa hawalii sana. Kuna utafiti wa mwaka 2000 wa watoto waliotimiza miezi, wakiwa kifuani kwa mama wakati wa kuchomwa kisigino kilio kilipungua kwa asilimia 82 ukilinganisha na waliofungwa kwenye shuka wakalazwa kwenye kitanda chao. Ila na hapo lile lile la muda, awe ameshakaa kifuani dakika kumi mpaka kumi na tano na ametulia ndo achomwe. Ukimweka dakika moja kabla unamsumbua tu.

mtu_wa_maabara
Niingie upande wangu kwa sababu nusu ya maumivu tunayaleta sisi tunaochukua damu.

Kwanza sehemu. Unachoma pembeni mwa kisigino, upande wa ndani au wa nje kwenye nyama ya unyayo, sio katikati na sio ule mviringo wa nyuma kwa sababu mfupa uko karibu. Pili kifaa. Kile kidude cha kubonyeza kinachochoma chenyewe na kurudi ndani kinaumiza kidogo na kinatoa damu nzuri kuliko kile kisu cha mkono, na huhitaji kurudia. Tatu, na hili ndo watu hawalijui, kwenye kisigino kinachouma zaidi mara nyingi ni KUKAMUA. Kidonda chenyewe ni sekunde, kukamua ni dakika tatu nne. Mtu anaminya kama anakamua chungwa, mtoto analia, seli za damu zinapasuka, alafu kipimo cha potasiamu (chumvi ya damu) kinasoma juu kwa uongo na mtoto anaenda kuchomwa tena! Mguu ushushwe chini ya usawa wa moyo, bonyeza achia bonyeza achia, ipe damu nafasi irudi. Kisigino kikiwa cha baridi usianze.

Nne, kama damu inayotakiwa ni nyingi, kwa mtoto aliyetimiza miezi kuchukua kwenye mshipa nyuma ya kiganja kwa mtu mwenye mkono mzuri kunaumiza kidogo kuliko kisigino. Wazazi wengi wanaogopa wakiona sindano ya mshipa lakini ndivyo ilivyo. Narudia, mtu mwenye mkono mzuri. Kama ameshakosa mara mbili mwombe kwa heshima amwite mwenzake.

zawadi_ya_jumapili
Jamani na ile sukari je? Kwa dada yangu walimpaka mtoto kitu kitamu ulimini kabla ya kumchoma. Nikajua ni mambo ya kienyeji. Na kama ni utamu tu si hata asali inafaa?

NesiWaUsiku
ASALI HAPANA. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, kwa mtu mzima hazina shida lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaota na sumu yake inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia. Tafadhali ambaye amesoma hapa amwambie na bibi nyumbani.

Ile ya dada yako sio ya kienyeji, ni maji ya sukrosi, mara nyingi ya asilimia 24, imetengenezwa kwa usafi wa dawa na imeandikwa kwenye faili kama dawa. Njiti anapewa matone tu, mkubwa kidogo anapewa mpaka mili moja au mbili, yanawekwa mbele ya ulimi kwa sababu kazi inafanyika pale kwenye kuonja, ukiyapeleka tumboni kwa mpira wa kulishia hayasaidii. Unasubiri dakika mbili. DAKIKA MBILI, uhesabu kwenye saa, alafu ndo uchome, na una kama dakika tano za kufanya kazi yako. Mtu akiweka na kuchoma hapohapo amemlambisha mtoto tu. Akipewa na chuchu ya bandia ya kunyonya juu yake inafanya vizuri zaidi. Wengine wanatumia glukosi ya asilimia 20 mpaka 30. Msitengeneze nyumbani na msiitumie kunyamazisha mtoto anayelia kwa njaa, hiyo ni ya wodini na ya kuchomwa.

Msomaji_wa_Zamani
Hapa kwenye sukari tuwe waangalifu wakuu, tusiipe sifa kuliko inavyostahili. 2010 Rebeccah Slater na wenzake walipima mawimbi ya ubongo wa vichanga 59 wakati wa kuchomwa kisigino, waliopewa sukrosi nyuso zao zilitulia kuliko wenzao lakini ile ishara ya maumivu kwenye ubongo haikuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo kuna wanaosema sukari inatuliza uso tu.

NesiWaUsiku
Mkuu nimeusoma huo na ulininyima raha kwa muda. Nilivyouelewa mimi, wimbi moja la ubongo sio maumivu yote, na mtoto aliyetulia moyo haupandi sana na halii mpaka kuchoka, hicho nacho ni kitu. Lakini umenifanya nisiitegemee peke yake. Kama mama yupo, mama kwanza. Sukari kwa yule ambaye mama yake yuko wodi nyingine amepasuliwa hawezi kuja, au njiti ambaye hajaweza kunyonya, na hata huyo nampa sukari NA namkunja kwa mikono. Pia kwa njiti wadogo sana tusijaze sukari kila saa, kuna dalili kwamba dozi nyingi mno kwa siku, zaidi ya kumi, kwenye wiki ya kwanza zinaendana na maendeleo hafifu. Ukiona umefika huko maana yake unamchoma mno, rudi kwenye orodha ya vipimo ufute visivyo na kazi.

mama_K
Na parasetamo je? Mi huwa nampa kabla ya chanjo kabisa.

NesiWaUsiku
Usimpe kabla mama K. Kwenye maumivu ya kuchomwa yale ya ghafla haisaidii, imejaribiwa kwa kisigino haikuonyesha faida, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitoa kabla ya chanjo kwa ajili ya maumivu kwa sababu inaweza kupunguza mwili kujibu chanjo. Akipata homa baadae na hana raha hiyo ni habari nyingine, utauliza kituoni dozi kwa kilo zake.

Krimu ya ganzi nayo inahitaji kama saa nzima kwenye ngozi na kwa kisigino haifanyi kazi vizuri, ila kwa sindano ya mshipa inasaidia. Kichanga asipakwe ovyo mana ikizidi inaharibu damu kubeba oksijeni. Na tohara ni ganzi ya sindano kamili, krimu peke yake haitoshi na sukari peke yake ndo kabisa.

mama_wa_siku9
Nimerudi wakuu, ni siku ya 11 leo.

Juzi zamu ilikuwa ya dada mwingine, nikamwambia naomba nimnyonyeshe wakati unamtoa damu, akanitazama, akasema hatujazoea hivyo lakini tujaribu. Akavuta kiti akakaa chini yangu kabisa karibu na mguu. Nikamweka ziwani nikasubiri mpaka nikasikia anameza, nikamwambia haya. Akachoma. Mtoto akaacha kunyonya, akakunja uso, akatoa kasauti kamoja, nikadhani ndo anaanza kupasua... akarudi kunyonya. Alilia tena kidogo wakati wa kukamua nikakumbuka maneno ya mtu wa maabara, nikamwambia dada mguu tuushushe chini kidogo, akaushusha, damu ikaja.

Jana asubuhi dada yuleyule alikuja kuniita mwenyewe kabla sijamwomba, akaniuliza amenyonya saa ngapi mara ya mwisho ili asubiri.

Manjano inashuka, leo wamezima taa, kesho kipimo kimoja cha mwisho kuona kama inarudi. Nina swali moja lililobaki, ninaogopa kwamba akichomwa kila mara akiwa ziwani ataliogopa ziwa, atalihusisha na maumivu. Mama mkwe ndo ananiambia hivyo.

NesiWaUsiku
Nimefurahi mpaka nimemsomea mwenzangu hapa zamu. Hofu ya mama mkwe ni ya busara hata sisi tulikuwa nayo, lakini walionyonya huku wanachomwa hawajaonekana kukataa ziwa baadae, wala kupaliwa. Ndo maana hata kwenye chanjo inashauriwa mtoto anyonye wakati huohuo au muda mfupi kabla. Na siku ya chanjo kama kuna ya matone mwombe aanze na matone, sindano zije baadae, na ile inayouma zaidi iwe ya mwisho, wewe umempakata hajalazwa kitandani.

baba_njiti
Dada hongera. Naomba nichomekee swali na langu nesi, wiki ijayo tunarudi kupimwa macho, ile ya kuangalia mishipa ya nyuma ya jicho kwa waliozaliwa njiti. Mara ya kwanza walimpanua jicho na kile kichuma, nilitoka nje sikuweza kuangalia. Kuna cha kufanya?

NesiWaUsiku
Kipo ila kwa hii sitakudanganya, kupunguza tu, kuondoa yote hatujaweza. Hakikisha wanaweka matone ya ganzi kwenye jicho kabla ya kile kichuma, sio yale ya kupanua mboni peke yake, ni tofauti hayo. Omba sukrosi dakika mbili kabla na chuchu ya kunyonya mdomoni. Afungwe vizuri kwenye shuka mikono ikiwa kifuani. Na safari hii usitoke nje baba, pasha viganja vyako umshike kichwa kama ulivyofundishwa, anamjua nani mle ndani zaidi yako?

baba_njiti
Sawa. Nitabaki.